Ambrose Thurlby na Ulimi Mzito

Ambrose Thurlby alikuwa mtu wa kalamu. Nyumbani kwake Suffolk alikuwa akijifungia katika chumba cha juu, akiandika insha fupi fupi: juu ya usingizi, juu ya urafiki, juu ya ushujaa. Watu walizisoma wakazisifu, na sifa hizo zikampeleka Bungeni London, enzi zile ambapo mfalme akikohoa, nchi nzima inashikwa na mafua.

Benchi moja aliketi na Giles Wexham, rafiki yake tangu ujana. Siku moja Giles alisimama akaupinga ushuru mpya wa mfalme. Hata hajamaliza, wabunge wenzake wakaanza kumzomea.

"Mhaini! Mtoeni!"

Giles akamvuta Ambrose joho. "Sema neno, bwana wee! Wewe wanakusikiliza."

Ambrose alifungua kinywa, ulimi ukamwia mzito. Akainamisha kichwa mpaka Giles alipokwisha kuburutwa nje.

Mkewe, Lettice, alipopata habari, aliweka chini jagi la bia.

"Kutwa kucha unatuandikia ushujaa, mume wangu. Leo uliusahau wapi?"

Giles alitupwa gerezani, na Ambrose hakwenda kumwona. Kila juma alipata udhuru. Kabla baridi haijaisha, homa ya gereza ikamuua Giles.

Mazikoni, mjane wake, Ursula, alimsimamisha Ambrose mlangoni mwa kanisa.

"Alikuulizia mpaka mwisho. Alidhani umezuiwa njiani. Nikamwacha adhani hivyo."

Bunge lilipokutana tena, Ambrose alisimama, akasema Giles ameuawa kwa kusema kweli. Alikuwa tayari kwa lolote, hata pingu.

"Lo! Bubu kapata ulimi!" mmoja akapaza sauti. "Maiti wako hasikii, bwana, kaa chini!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hakuna aliyejisumbua kumkamata. Wakaendelea na shauri la bei ya sufu.

Alirudi Suffolk, na kalamu hakuishika tena. Kifua kikamwanza, akawa anakonda huku watoto wake wakimchungulia kwa woga. Akafa nywele zake zikiwa bado nyeusi.

Ursula alikuja msibani bila kuitwa. Lettice akamkazia macho.

"Umekuja kumsamehe?"

"Sijui," Ursula alisema. Akakunja mikono ya gauni lake. "Maji ya moto yako wapi? Tumwoshe kabla hajakakamaa."