Kwa Mama Rehema Hakuna Moshi

Niliondoka Kishapu baada ya binti yangu Minza, anayeuza vitenge Katoro, kunipigia simu. "Baba, watoto wa kaka hawajawahi kukanyaga darasa. Niletee niwaandikishe shule. Nitakaa nao wiki moja kwanza. Wakinishinda, utawarudisha porini mwenyewe." Mimi niliyefika kidato cha nne nilikuwa nimewaacha wajukuu zangu wakue hivyo. 

Ushirombo nilikodi bodaboda hadi kambi ya mwanangu Masalu, mrina asali. Luhende na dada yake Kabula walikuwa wamesimama njiani; walisikia pikipiki tangu mbali. Masalu aliwafungia dumu la asali, akawausia: "Mkiona moshi, nendeni mkasalimie. Msile peke yenu kama wachawi."

Huko porini ndivyo wanavyoishi. Ukiona moshi unaufuata, unasalimia, unapewa chakula. Usipouona, unakwenda kuangalia nani anaumwa.

Tulifika Katoro jioni, mtaa mzima unapika. Sijamaliza kuvua viatu, watoto hawapo. Niliwakuta nyumba ya tatu, Luhende anakula ugali na dagaa, Kabula anapuliza jiko la wenyewe.

"Mzee, hawa ni wako?" mwenye nyumba aliniuliza akicheka. "Kwa jirani wamekula, kwangu wanakula. Hayo matumbo yana mlango wa nyuma?"

Minza hakucheka. "Watasema nawanyima chakula. Baba, hawa watanishinda."

Niliogopa, nikawaita. "Mjini mtu haingii kwa watu bila kuitwa." Wakaitikia, "Ndiyo, babu." Niliwakataza jambo ambalo mwenyewe sikulielewa.

Asubuhi ya tatu niliwakuta wameketi nje ya geti la jirani, Mama Rehema, kama watu walio msibani.

"Babu, hapa hapajatoka moshi tangu tuje."

"Anapikia gesi. Gesi haina moshi."

Luhende akafikiri. "Sasa watu wanajuaje kama ameamka?"

Nikamshika mkono tuondoke. Kabula akapaza sauti, akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu! Hatuingii! Tunauliza tu kama u mzima!"

Geti likafunguka. Mama Rehema alikuwa amehamia kutoka Tanga kumfuata mumewe machimboni.

"Shikamoo," watoto wakasema.

"Marahaba. Mnamtafuta nani?"

"Wewe," Kabula akajibu.

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Tangu nihamie hapa, sijatafutwa na mtu."

Jioni alikuja kwetu na sahani ya vitumbua. Minza, aliyekuwa akipita kwenye geti lile kila siku, alimkaribisha kiti huku akitazama chini. Mgeni alipoondoka, aliniambia, "Watabaki. Jumatatu nawapeleka shule. Ila wakitaka kula nyumba tatu, waanzie kwangu."

Nimerudi Kishapu peke yangu. Nilidhani nawapeleka wakajifunze wao. Nina jiko la gesi alilonipa Minza, lakini sasa kila asubuhi nawasha kuni uani, hata kama chai iko tayari kwenye chupa. Juzi jirani wa ng'ambo ya shamba la pamba akaja taratibu, fimbo mkononi.

"Mzee, naona moshi. Una mgeni?"

"Ndiyo kwanza amefika," nikamwambia, nikamsogezea kigoda.