Mdudu Aliyesoma Tumboni mwa Sofia

Saa moja asubuhi katika mtaa wa Alunguli. Sufuria zimekaa juu ya mafiga, kuni zimepangwa, lakini hakuna anayeruhusiwa kuwasha moto. Sofia Bulaimu amesimama uani, birika mkono wa kulia, sabuni mkono wa kushoto, na wanawake wanaomsaidia wamejipanga mbele yake kama wanaongoja baraka.

"Mupaka kwenye kiwiko," anamwambia wa kwanza. "Na makucha. Muchele yangu haina haraka."

Leo anapika harusi. Hilo peke yake si habari, kwani kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna karamu ya maana mtaani hapa iliyopita bila mwiko wake. Habari ni kwamba miezi michache iliyopita mwiko huo ulikuwa umeangikwa ukutani, na mwenyewe ameapa hataugusa tena.

Mambo yalianza kwa kicheko. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiomba choo cha watu wazima wasio na ugonjwa, wakakipime. Vijana wakataniana wiki nzima. Sofia alitoa chake bila wasiwasi. Tumbo halijamlaza kitandani tangu amalize kuzaa.

Majibu yaliporudi, muuguzi Zéphirin alimweleza kwamba tumboni mwake mna bakteria ambao dawa za kawaida za antibiotiki haziwaui. Akitaka kurahisisha, akamwambia: "Mama Sofia, ile mududu imeshasoma dawa zetu zote. Inazijua."

Neno hilo lilimtoroka muuguzi kama kuku aliyekatwa kamba. Jioni mtaa mzima ulijua kwamba Sofia ana mdudu aliyesoma. Kesho yake kisimani mdudu alikuwa na diploma. Ijumaa alikuwa anaongea Kifaransa.

Utani ukazaa hofu. Émilienne, muuza mawese aliyekwisha kumwomba Sofia apike harusi ya binti yake Claire, alituma ujumbe kwamba amepata mpishi mwingine. Hakutoa sababu, na Sofia hakuiuliza.

Lakini kilichomkata maini hakikutoka kwa jirani. Siku moja mjukuu wake alifungua kinywa apewe tonge, kama alivyozoea, naye Sofia akauficha mkono nyuma ya mgongo. Mtoto akabaki kinywa wazi.

"Mukono yenye ililisha muji, nikaanza kuiogopa miye mwenyewe," anasema.

Siku zile alifikiria sana miaka ya vita. Treni ililala, njia ya kwenda mji wa Kibombo ikafungwa, na dawa ikawa kitu cha kufungwa kwenye pindo la kikwembe, kitenge cha kujifunga kiunoni. Watu waliiita rangi-mbili, kidonge cha antibiotiki chenye nusu nyekundu na nusu ya manjano. Wanawe Moussa na Salama walipoharisha pamoja, alikipasua kimoja, akamgawia kila mtoto nusu ya unga wake ndani ya uji. Jirani akija analia, naye aligawiwa. Kumnyima mwenzio nusu ya kidonge kulikuwa uchoyo, na hakuna aliyekuwa na cha kumaliza dozi.

Hatimaye alimfuata Zéphirin kazini na kumwuliza waziwazi: je, zile nusu ndizo zilizomfundisha mdudu? Na je, akipika, ataua watu?

Muuguzi alimkalisha. Akamwambia hakuna awezaye kujua mdudu huyu alitoka wapi: dawa zinazomezwa ovyo huwakomaza wadudu, na wao husafiri kwa maji, kwa chakula, kwa mikono, hata kwa mtu ambaye hajameza kidonge. Kumbeba si kuumwa. Hatari huja akitoka tumboni na kuingia kwenye damu au kidonda, au akimpata mtu dhaifu, kwani hapo dawa hukosekana. Kwa hiyo sabuni baada ya choo na kabla ya chakula, na asimeze kidonge bila kupimwa. Kupika hakuna aliyemkataza.

"Na hauko peke yako," aliongeza. "Majina siwezi kutaja. Lakini wazima kama weye, tumewakuta wengi."

Sofia alirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado anaipapasa shingo. Jioni ile alinawa, akamwita mjukuu, akamlisha.

Siku chache baadaye Émilienne aliingia uani bila hodi, akavuta kigoda, akakaa. Alikuwa amepata majibu yake.

"Dada," akasema, akitazama chini, "yangu nayo imesoma."

Sofia akauliza: "Imefika darasa gani?"

Walicheka mpaka jirani akachungulia, akidhani kuna msiba. Yule mpishi mwingine hakutajwa tena.

Ndiyo maana sufuria za leo ni za Claire. Bibi harusi mwenyewe amepita uani kutaka kuchambua mchele, akarudishwa kwenye sabuni.

Pindo la kikwembe cha Sofia sasa halina kidonge. Anataka watafiti wakirudi wampime upya. Zéphirin amemwambia kwamba mdudu wa namna hii asipokutana na dawa ovyo, huenda akapungua, hata akaondoka mwenyewe.

Mikono yote imekaguliwa. Sofia anainama, anawasha kiberiti.

"Nilisomesha watoto wane," anasema, akiupuliza moto. "Huyu wa tano, masomo yake imeishia hapa."