Kumpiga na Kumpigia

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa Toronto, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Anaelewa kila unachomwambia, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza, na siku akijitahidi kukufurahisha anaangusha nusu ya maneno njiani. Siku ya Idi tulikuwa kwao Scarborough, wageni wamejaa sebuleni, sinia la biriani katikati ya mkeka. Mama mmoja mtu mzima akamtania yule mtoto: baba akienda kazini huwa anamkumbuka mama? Mtoto akameza tonge, akasema, "Ndiyo. Anampiga kila siku."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Shemeji yangu, baba mtu, alicheka kuliko wote. Akamvuta mtoto kifuani na kumbusu kichwani. "Sema anampigia, mwanangu. Anampigia simu. Utanifungisha hapa bure!" Watu wakazidi kucheka, mmoja akapaliwa. Mtoto hakucheka. Alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, kisha akarudia polepole, vile wanavyofundishwa shuleni kusoma neno gumu: "Anam-pi-ga." Mdogo wangu alikuwa ameinama, anaokota punje za wali mahali ambapo hapakuwa na punje hata moja.

Mimi ni dereva wa basi la shule. Kwa kazi yangu nimesikia watoto wa kila namna wakichapia lugha za wazazi wao, na ninajua mtoto aliyekosea akisahihishwa hufanyaje: huona haya, au hulidaka lile neno jipya na kukimbia nalo. Yule hakukosea. Nilihisi damu inanipanda hadi masikioni. Nilitaka kuchukua bakuli la kachumbari nimvunjie nalo shemeji meno yale aliyokuwa akichekea, lakini nilijua kwamba ningemaliza hasira zangu, ningepanda gari kurudi kwangu, na mdogo wangu angebaki naye.

Nilimfuata jikoni. "Anakupiga?"

"Dada, mtoto hajui Kiswahili," akasema, akafungua bomba la maji kwa nguvu.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuipenda Bahari ya Mediterania, mimi ambaye likizo zangu zote nilikuwa nazimalizia kitandani. Nilitafuta mtandaoni fukwe, vyakula na vyumba vya kupanga. Sikutafuta uzuri, japo uzuri ulikuwepo. Nilitafuta umbali. Nilitaka kumweka mdogo wangu mahali ambapo mkono wa yule mtu haufiki, nimlishe, nimlaze, mpaka aseme mwenyewe. Nilichagua kisiwa kidogo cha Ugiriki kisicho na uwanja wa ndege.

Ruhusa niliiomba mbele za watu makusudi. Ijumaa moja, wanaume wakiwa wanatoka msikitini na bado wanapeana mikono mlangoni, nikamwita kwa sauti ya kuendeshea basi: "Shemeji! Nakuomba mke wako wiki mbili nikamtembeze Ugiriki, gharama zote juu yangu!" Wenzake wakasema mashallah, shemeji una bahati, mke wako ana dada. Yeye hupenda kusifiwa kuliko anavyopenda chakula. Akatabasamu kwa meno tu, akasema hana neno.

Lakini pasipoti ya mtoto haikuonekana. Walipekua kabati zote. Shemeji mwenyewe alisaidia kutafuta, akainua magodoro, akasikitika sana. Kwa hiyo tuliondoka wawili, na mtoto akabaki dhamana. Mdogo wangu alilia tangu lango la uwanja wa ndege mpaka tulipokatiza bahari.

Tulifika kisiwani kwa feri. Chumba chetu kilikuwa juu ya tanuri la mikate, kuta nyeupe, vitanda viwili vyembamba na dirisha la kutazama bandari. Mama mwenye nyumba, mjane, alitupandishia mkate wa moto kila asubuhi na kutufundisha kwa vidole tu namna ya kuula: kamulia nyanya juu yake, mwagia mafuta ya zeituni, nyunyiza chumvi. Tulikula dagaa wakubwa wa kuchoma pamoja na vichwa vyao, na jibini la mbuzi lililoloweshwa asali. Mchana jua likiwa kali tulijificha ndani ya kanisa dogo kando ya maji, dogo kuliko basi langu, tukakaa kimya kwenye ubaridi wake, na bibi mmoja aliyekuwa akifuta mishumaa hakutuuliza dini yetu. Barazani wazee walicheza mchezo wa kete na kutukanana kwa upendo, nikakumbuka nyumbani.

Mdogo wangu alikula kama aliyefungua saumu ya mwaka. Lakini hakupumzika. Simu ililia asubuhi, mchana na jioni, na kila ilipolia aliuacha mkate na kusimama wima. Ilimbidi aigeuze kamera amwonyeshe mumewe pembe zote za chumba, nyuma ya mlango, uvunguni mwa kitanda. Siku moja mumewe alimtaka aonyeshe na ndani ya bafu. Nilipora simu ile. Nikamwambia, "Shemeji, nimo mimi tu humu, na nimevaa khanga moja. Nikuonyeshe?" Akakata. Mdogo wangu akanipokonya simu. "Utanilipisha," akaniambia. "Wewe unatania, mimi ndiye ninayelipa."

Ufukweni wenzetu walilala karibu uchi juu ya kokoto, mimi nikaogelea na gauni langu. Yeye alikaa amejifunika mikono mpaka vidoleni katika joto lile. Huwezi kumshangaa mwanamke wa kwetu kwa kujifunika. Kumbe pale ndipo palipokuwa na maficho.

Asubuhi moja tulipita bandarini tukamkuta mzee anampiga pweza kwenye mwamba ili alainike. Sisi ni watu wa Lindi. Tulikua tukishuka mwambani maji yakitoka, na pweza wa mama yetu tuliwatwanga sisi kwa fimbo. Mdogo wangu akasimama. "Anakosea," akasema. "Hamgeuzi." Yule mzee akaona anavyomwangalia, akacheka, akamnyooshea yule pweza kwa utani, kama kusema haya, tuonyeshe.

Mdogo wangu akampokea. Akakunja mkono wa gauni.

Tangu kiwiko mpaka begani palikuwa na rangi zote za mchubuko, za zamani na za karibuni. Na chini ya kiwiko palikuwa na alama ya pasi, ncha yake imetokeza sawasawa, ngozi imevutana na kung'aa. Yeye hakunitazama. Akamnyanyua pweza juu ya kichwa na kumshusha kwenye jiwe.

"Hii ya Idi," akasema. "Wageni walipoondoka."

Akamgeuza, akampiga tena. "Hii ya mtoto aliposema." Tena. "Hii ya pasi. Shati lilikuwa na kunyanzi." Tena. "Hii ya nyuzi za kichwani. Daktari nilimwambia nimeanguka bafuni." Watu walikuwa wamesogea, watalii wawili wakapiga makofi, wakapiga picha. Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi. "Hii ya mimba ya pili." Sikujua kama kulikuwa na mimba ya pili. Makofi yakakoma yenyewe. Mnyiri mmoja wa pweza ukakatika ukaruka majini, naye akaendelea, akapiga mpaka mkononi hamkubaki kitu cha kupiga, akapiga jiwe kwa ngumi, na vifundo vya vidole vikachanika. Yule mzee akamshika kifundo cha mkono, taratibu kabisa. Mdogo wangu akajikunja chini, mikono juu ya kichwa, akisema kwa Kiswahili, nisamehe, nisamehe, basi, nisamehe.

Mzee akarudi nyuma na kuvua kofia. Nami nilikaa chini kwenye uchafu wa samaki nikamkumbatia mdogo wangu. Nililia kwa hasira. Ningemwona mumewe wakati ule ningemuua, nasema kweli tupu.

Jioni mama mwenye nyumba alimfunga vidole kwa kitambaa, na yule mzee akaleta mabaki ya pweza yamechomwa makaa na ndimu. Tulimla wote. Ndipo mdogo wangu akaniambia alichoamua. Tutue mchana, mumewe akiwa kazini. Apande juu, amchukue mtoto kwa jirani anayemkalia, achukue na nguo chache, waje kukaa kwangu. Talaka ifuate baadaye. "Ila wewe usipande," akasema. "Ukipanda utapigana."

"Sipandi," nikamwambia. Nilikuwa nasema uongo, na nafikiri alijua.

Tulitua Toronto mchana, jua la Julai limeiva. Nikaegesha mbele ya jengo lao. Akashuka na mfuko wake mmoja tu, wenye kopo kubwa la mafuta ya zeituni, ili akikutana na majirani aonekane anarudi na zawadi. Alipokwisha kuingia ndipo nilipoliona gari la shemeji, limejificha nyuma ya lori la taka. Hakuwa ameenda kazini.

Lifti ya jengo lile ni ya kuombea dua. Nilipofika ghorofani nilisikia vishindo tangu kwenye korido. Mlango ulikuwa haujafungwa. Shemeji alikuwa amemkaba mdogo wangu kwa mtandio wake mwenyewe, amemlaza kifudifudi kwenye meza ya jikoni, anauzungusha mtandio mkononi kama mtu anayekamua nguo. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akimuuliza kwa sauti ya chini, nani alikuwa kule, nani alikuwa kule. Mtoto alisimama juu ya kochi na viatu vyake, mdomo wazi, hatoi sauti.

Mfuko wa zawadi ulikuwa mlangoni. Nikatoa lile kopo, nikampiga nalo sikioni kwa mikono miwili. Akamwachia. Akageuka, nikampiga tena, na hilo la pili sikulazimika, nililitaka. Kopo likapasuka mshono. Akanirukia, tukaanguka pamoja kwenye mafuta, akaniuma mkono mpaka nikaona weupe mtupu machoni, nami nikampiga pua kwa paji la uso. Tuliteleza, tukainuka, tukaanguka tena. Jirani akapiga simu polisi.

Walipofika walimkuta shemeji sakafuni, damu na mafuta hadi kifuani, na wanawake wawili wamesimama. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Aliwaambia huyu kichaa ameingia nyumbani kwangu na kunishambulia, na hapo hakusema uongo hata kidogo. Afisa mmoja, mwanamke, akatoa pingu na kunitazama mimi. Kisha akamuuliza mdogo wangu kulikoni.

Nilijua anachoweza kusema. Nimeanguka. Hawakuelewana tu. Dada yangu ana hasira. Alikuwa ameyasema hayo kwa miaka, kwa madaktari na kwangu. Mumewe akamwita kwa jina la mapenzi, kwa Kiswahili, akamwambia, "Mke wangu, nisitiri."

Mdogo wangu akakunja mkono wa gauni mpaka begani.

Pingu zile akafungwa mumewe. Walipomtoa, mtoto alimfuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa, ndipo akaja kukaa mapajani mwa mama yake. Yule afisa akavuta kiti, akauliza kwa upole yalianza lini. Nilikuwa nimeshika barafu mkononi palipoumwa. Nilijiona shujaa, sifichi. Nilijiambia mimi ndiye niliyesikia wenzangu walipocheka.

Mdogo wangu akasema yalianza wiki ya kwanza walipofika Kanada. Akamweleza kwamba wakati huo hawakuwa na nyumba, walikuwa wamepewa chumba cha chini kwa dada yake. Alisema mumewe alikuwa akimziba mdomo kwa soksi. Alisema alilala chali akitazama dari na kusikia miguu yangu juu, ninavyotoka kwenye sinki, ninavyokwenda kwenye jiko, na kila nilipoukaribia mlango wa ngazi alidhani nashuka.

Hiyo hakuitaja kule bandarini. Alikuwa amenisitiri mimi.

Afisa akaandika, kisha akanigeukia. Akauliza kama ile nyumba ni yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza kama siku hizo nilikuwepo ndani.

Nikasema nilikuwepo, nilikuwa napika.