Siku Niliyomzika Mama Chebet Akiwa Hai

Nitawaambia hii maneno mara moja halafu tuiache, kwa sababu nimechoka kuulizwa, na kila nikiulizwa ile aibu inaanza upya kama jino bovu. Mkitaka kucheka, chekeni. Kutoka hapa mpaka Litein watu walishacheka, hata mume wangu alicheka mwishowe (ilimchukua muda, lakini alicheka).

Mnajua mimi ni mtu wa hadithi. Wengine wana pombe yao ya chang'aa, wengine wana kesi za mashamba, mimi nina hadithi. Kuna grupu yetu kwenye simu, ya wasomaji, na humo ndani kuna jamaa mmoja alikuwa anatuandikia hadithi ya kutisha, kipande kila jioni, kuhusu kijiji fulani cha milimani ambapo ukungu ukishuka mtu mmoja anapotea. Akishatuma kipande, sisi tunaanza vita. Mama mmoja wa Sigor anasema hiyo ni kazi ya mzimu wa mwanamke aliyezikwa bila kuombewa, mwalimu mmoja wa Siongiroi anamjibu kwamba hakuna mzimu, tumwangalie mwenye duka, mwingine hana maneno, anatuma tu picha ya mtu amejifunika blanketi hadi kichwani. Mimi nilikuwa kati ya wale wenye kelele nyingi. Sikuwa nimewahi kukisia muuaji nikapata, kwa hivyo nilikuwa na njaa ya kupata hata mara moja.

Sasa, kwenye hiyo hadithi kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Chairman, na bibi yake haonekani, na akiulizwa anasema ameenda kwa binti yao. Na mimi nikisoma nina tabia ya kuwapa wale watu sura za watu ninaowajua, la sivyo siwaoni. Mwenye duka nilimpa sura ya shemeji yangu. Na Chairman, ningempa sura ya nani tena, kama si Chairman wetu wa sentaa ya kupimia majani chai, Mzee Arap Bett, jirani yangu kabisa, na gumboots zake na lile koti la kijivu? Kwamba bibi yake mwenyewe, Mama Chebet, alikuwa hajaonekana tangu mvua zianze, na kwamba yeye pia akiulizwa alikuwa anasema yuko Nakuru kwa Chebet, hilo halikunipitia akilini hata kidogo. Mama mtu mzima akitoka kwake huenda wapi kama si kwa binti yake?

Asubuhi hiyo stima ilikuwa imepotea tangu jana yake, simu inakaribia kuzima, mimi niko jikoni nachemsha chai, mkono mmoja una unga, na nimemaliza tu kusoma kile kipande ambacho Chairman anajenga nyumba ya kuku mpya ilhali hana kuku. Nikajua. Mwili wote ulijua. Kuandika singeweza na mikono ile, nikaamua niongee tu, nirekodi sauti niitume (na hapo ndipo kila kitu kiliharibika, kwa sababu ya kuona uvivu wa kunawa mikono). Grupu ya wasomaji ina picha ya nyumba ya nyasi. Grupu yetu ya Nyumba Kumi, ile ya usalama wa majirani, ambayo naibu wa chifu mwenyewe yuko ndani, ina picha ya nyumba ya mabati. Nyumba ni nyumba. Nikafinya, nikasema:

"Jamani mimi sina shaka tena, ni Chairman. Huyo bibi yake hakuenda kwa binti popote. Mtu achimbe chini ya ile nyumba ya kuku, mtanishukuru baadaye. Na msiende mtu mmoja mmoja, huyo mzee ana panga."

Nikatuma. Simu ikazima papo hapo. Nikamwachia kinyozi pale sentaa aichaji, maana yeye ana sola, nikachukua kikapu changu nikaenda kuchuna majani, na nawaambia ukweli, nilichuna nikiwa na furaha, naimba, nikiwaza vile yule mwalimu wa Siongiroi atanyamaza.

Nilipotoka na majani, sentaa ilikuwa na karani peke yake na mizani. Siku ya majani, na hakuna foleni. Nikamwuliza watu wako wapi, akaniangalia kama mtu anayeangalia ajali, akasema, "Si wako kule ulikowatuma." Nilidhani ni mzaha. Ndipo Chepkemoi, rafiki yangu ninayechuna naye pamoja, akaja anakimbia na kandambili mkononi.

"Mama Felix, ulijua haya mambo tangu lini?"

"Mambo gani?"

"Ya Chairman. Watu wako kwake na majembe. Naibu wa chifu amefika. Wanakungoja wewe, kwa sababu ni wewe umesema."

Mimi ni mtu wa ziwani. Mume wangu, Baba Felix, alipata kazi kiwanda cha chai, tukakaa, tukanunua kipande cha shamba, tukapanda chai yetu, watoto wetu wanaongea Kipsigis kuliko wanavyoongea Kijaluo. Tumepokelewa vizuri. Lakini mtu wa kuja ni mtu wa kuja, ulimi wake lazima aushike, na mimi hapo nilikuwa nimemshtaki mzee wa watu, mbele ya serikali, kwa sauti yangu mwenyewe. Chepkemoi alinishika mkono kama mgonjwa.

Kwa Chairman boma lilikuwa limejaa. Wamama wa kanisa walikuwa wamesimama upande mmoja, mikono kifuani. Vijana watatu walikuwa karibu na nyumba ya kuku, majembe begani, hawajui waanze ama wangoje. Kuku wenyewe walikuwa wanazunguka hapo wakikwaruza udongo (na wacha niwaulize, nani huku kwetu hana nyumba ya kuku?). Mzee Arap Bett alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, gumboots miguuni, mikono juu ya magoti, haongei na mtu. Alipoinua macho akaniona, hakukasirika. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi, afadhali angenitukana.

Naibu wa chifu akasema, "Mama Felix, umekuja wakati mzuri. Hebu eleza hawa watu ile kitu uliona."

"Sikuona," nikasema.

"Ulisikia basi."

"Sikusikia pia. Nilisoma."

"Ulisoma wapi?"

"Kwa hadithi."

Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mjinga, kwamba kuna kijiji kingine, na huko pia kuna Chairman, lakini si huyu, na bibi yake, lakini si huyu, na kuna ukungu. Kijana mmoja akaanza kucheka, akashusha jembe. Naibu wa chifu akavua kofia akajipangusa uso, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu azaliwe, "Mama, unataka kuniambia nimetoka ofisini, nikaacha watu kwa foleni, kwa sababu ya hadithi?"

"Ndiyo, sir. Nilikosea grupu."

Hapo ingeisha. Ningechekwa, ningeenda nyumbani nijifungie. Lakini kulikuwa na ajuza mmoja, sisi wote tunamwita Kogo, ndiyo nyanya kwa Kipsigis, alikuwa ameegemea ua na hakuwa anacheka. Akasema polepole, "Hadithi ni sawa. Lakini Mama Chebet yuko wapi?"

Kicheko kikakatika.

"Yuko Nakuru," Chairman akasema. Ndilo neno la kwanza nilimsikia akisema siku hiyo.

"Umesema Nakuru tangu tupalilie mahindi," Kogo akasema. "Hakukuja mazishini kwa dada yangu, na walikuwa wanapendana. Mpigie tumsikie."

Nikaona kidole cha mzee kinakuna goti. Watu wakaangaliana tena, na wale vijana, nawaambia, majembe yakarudi begani. Mwishowe akatoa kasimu kake kadogo, akabonyeza. Masikio yake ni mazito, kwa hivyo hiyo simu huongea kwa sauti ya nje siku zote. Ikalia, ikalia, ikashikwa.

"Nilikuambia usinipigie," ikasema sauti ya Mama Chebet.

Kuna mama wa kanisa aliyesema asante Yesu chini chini, halafu akajuta, kwa sababu sauti iliendelea.

"Sirudi, Baba Chebet. Nimepika kwako, nimechuna majani yako, na umeniongelesha kama kibarua tangu nikiwa msichana. Nilikuambia nimechoka ukasema nichoke nikitembea. Basi nimetembea. Unanisikia?"

"Nakusikia," akasema mzee. "Kuna watu hapa."

"Watu gani?"

"Wengi."

"Wanataka nini?"

Mzee akatuangalia mmoja mmoja. "Wanataka kujua kama uko hai."

Tulidhani imekatika. Kisha Mama Chebet akasema, na hakusema kwa hasira, "Waambie niko hai. Waambie sasa ndiyo niko hai."

Akakata.

Sijawahi kuona watu wakiondoka kwa adabu namna ile. Hakuna aliyemuaga mwenzake. Vijana walipita ua wameficha majembe kwa mgongo kama watoto walioiba miwa. Naibu wa chifu alisema jambo limekwisha, akaitafuta pikipiki yake. Nikabaki mimi na mzee na kuku.

"Mzee, nisamehe," nikasema.

Akaiangalia ile simu mkononi mwake. "Nimekuwa nikisema Nakuru, Nakuru, sokoni, kanisani, kila mahali," akasema. "Ni kazi kubwa, kusema hiyo Nakuru. Sasa sitaisema tena." Akaingia ndani. Mlango hakuufunga kwa nguvu, aliurudisha tu.

Jioni Baba Felix alirudi kutoka kazini tayari anajua, kiwanda kizima kilikuwa kimesikiliza sauti yangu wakati wa chai ya saa nne. Hakupiga kelele. Alikaa, akavua viatu, akaniuliza, "Sasa unataka tuhamie wapi?" Jumapili yake alinitanguliza, tukaenda kwa Chairman na sukari na majani ya chai (tunampelekea chai mtu wa chai, lakini ungebeba nini) na mzee wa kanisa akatuongelea. Chairman alikubali kutusamehe. Alitukaribisha hata kwa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, na nikaona amejifulia shati mwenyewe, kola yote imejikunja.

Mimi nilidhani hapo nimemaliza. Halafu majuzi, niko sokoni Litein napanga omena zangu, vile vidagaa vya ziwani ninavyouza siku za soko, mtu akasimama mbele yangu. Nikainua kichwa. Mama Chebet, ametoka Nakuru, amenona, na kitambaa kipya kichwani.

"Ni wewe ulinizika chini ya kuku?"

Nikamwambia ni mimi. Akavuta kreti akakaa, akataka nimsimulie hiyo hadithi yote, kwa hivyo nikamsimulia, hapo hapo, wateja wakipita. Alisikiliza vizuri. Nilipofika kwa yule bibi wa Chairman wa hadithi, akanisimamisha.

"Alipotea muda huo wote na hakuna jirani alimtafuta?"

"Hakuna."

Akachukua omena moja, akaiangalia, akairudisha. "Mimi pia," akasema. "Nimeenda na mvua, na hakuna mwanamke hata mmoja wa huko alinipigia simu. Wewe tulikuwa tunapitishiana moto juu ya ua, Mama Felix. Namba yangu unayo. Siku ya kwanza nasikia mnanitafuta, mmekuja na majembe."

Nikampimia omena, nikamwongezea konzi mbili za bure. Alinunua omena zake, akaniambia mzee siku hizi huenda huko Nakuru mwenyewe Jumapili zingine, anakaa kwa kiti cha wageni, anaongea kidogo kidogo, tutaona. Akaenda.

Kwa hivyo nimeapa, na mnaweza kunikumbusha. Kusoma sitaacha, nitakufa nikisoma. Lakini maoni yangu kuhusu nani ameua nani sasa yanabaki tumboni, yaozee huko. Na jirani akikosekana sokoni hata Jumamosi moja, sikisii. Nanawa mikono, nachukua simu, nampigia, namwuliza yeye mwenyewe.