Viti vya Nyuma vya Kwenda Ngungu

Ninyi wa rika langu mliokulia milima ya Masisi mtanielewa upesi. Hawa wa leo wataniona nazeeka vibaya. Zamani zile, meno ya maziwa yakiwa bado mdomoni, gari lilikuwa na viti pale tu Papa alipotaka liwe na viti. Jeep yetu ilikuwa na mabenchi mawili kule nyuma, yanayotazamana, yamekazwa kwa buloni, yaani bolti. Papa alikuwa mchuuzi, mtu wa upande wa Butembo aliyefuata maharagwe hadi Ngungu, akapata na mke huko huko. Siku za biashara alifungua zile buloni, akatoa mabenchi, akapanga magunia mpaka juu. Mabenchi yenyewe yaliingizwa nyumbani, yakawa viti vyetu vya sebuleni. Hata padri akipita kututembelea alikaa pale, akanywa chai, akaondoka kanzu ikinuka mazuti, mafuta ya gari.

Basi hayo mabenchi njo yalikuwa shule yetu ya udereva. Kaka yangu Kambale alikuwa dereva kila siku, na mfuniko wa sufuria mkononi ndio usukani. Mimi nilikuwa wa kuita abiria. Wadogo walikuwa abiria, na wakileta kiburi tuliwashusha njiani, yaani karibu na mlango, wakaenda kumlilia Mama jikoni kwenye moshi na harufu ya sombe, mboga ya majani ya mihogo. Tulisafiri mbali sana pale sebuleni. Tulifika Walikale, tulivuka misitu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona, tukarudi wakati wa kula. Watoto wangu wana michezo ya magari kwenye simu, magari yanayokimbia kuliko ndege, na bado wananiambia wanachoka kukaa.

Lakini kulikuwa na ile siku tunatoka masomoni tunakuta sebule tupu. Hatukuuliza kitu. Mabenchi yakishatoka nyumbani, maana yake yamerudi garini, na sisi wote tunateremka ziwani, pengine hadi Goma, kununua nguo za Noeli. Mama alikuwa anachemsha mayai, anakaanga ndizi, anafunga jibini kwenye jani la mgomba. Mpaka leo nikisikia harufu ya jani la mgomba lililopata joto, naanza kutafuta viatu vyangu.

Tuliondoka ukungu ukiwa bado umelala juu ya malisho. Ng'ombe tuliwasikia tu, hatukuwaona. Sasa Papa wangu, Mungu amurehemu, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwahi kuweza kuchagua kati ya watu na maharagwe. Angeweka mabenchi vizuri, akasifiwa na Mama, kisha ungemkuta anasukuma gunia chini ya benchi, lingine katikati, mihogo juu yake, na sisi miguu yetu juu ya mihogo, magoti yakigusa kidevu. Tukifika mlima wenye matope, jeep inakataa. Hapo watu wote chini. Magunia yanabaki yamekaa kama wakubwa, na sisi tunapanda kwa miguu, viatu mkononi. Mama alifunga kitenge juu, mtoto mgongoni, akasukuma gari huku akicheka. Siku moja alimuuliza Papa kwa nini asishushe mizigo, aache watoto garini. Papa akamjibu bila hata kugeuka: "Mutoto iko na miguu, gunia haina."

Tulilichukia neno lile mpaka tulipofika Kirotshe. Pale ziwa linafunguka ghafla chini yako, jua limeshapanda, na kuna wamama wanaokaanga sambaza, dagaa wa ziwani. Tuliwala na vichwa vyao, chumvi ikituwasha midomoni, tukasahau matope yote. Halafu usingizi ulitushika, tukalegea mmoja juu ya mwingine, na jeep ikatutikisa polepole kando ya maji. Sijawahi kupata tena usingizi wa namna ile, hata kwenye godoro la maana.

Nayakumbuka haya kwa sababu wiki hizi nimekuwa nikitafuta gari. Mama anaishi nami Goma tangu vita ilipotuteremsha kutoka mlimani. Miguu yake imevimba, moto, yaani pikipiki, hawezi kupanda tena, na kila Jumapili baada ya misa ananiuliza swali lile lile: ataiona Ngungu lini? Papa amelala kule, nyuma ya shamba. Siku hizi njia inapitika, watu wanaenda na kurudi, lakini sisi tunaijua njia ile, kesho inaweza kufungwa. Nasema wazi, naogopa Mama asije akarudi kwao akiwa ndani ya sanduku.

Kwa muuzaji nilipata magari mawili. La kwanza lina safu ya tatu ya viti, ila ukiisimamisha, nyuma yake inabaki nafasi ya mfuko mmoja na kuku. La pili lina viti vya watu watano na nyuma pana, chumba kabisa. Mke wangu anauza maharagwe sokoni, kwa hiyo alishachagua kwa macho kabla sijafungua mdomo. "Papa Neema," akaniambia, "nani atakaa kule nyuma? Ndugu zako wote wako mbali." Nikamwambia nitawaita, Kambale na dada zangu, twende wote na Mama kama zamani. Neema, binti yetu, yeye aliuliza kama kule nyuma kuna pa kuchajia simu. Nilipomsimulia tulivyokaa juu ya mihogo, akataka kujua mkanda ulifungwa wapi. Nikaingia mwenyewe safu ya tatu, nikajikunja, nikafumba macho kidogo, na kwa muda mfupi nilisikia harufu ya magunia yenye unyevu. Mke wangu aligonga kioo akidhani nimeshindwa kutoka.

Tukamleta Mama ayaone. Tulimkalisha kwenye kiti pale uani, miguu juu ya kigoda, na muuzaji akamwonyesha la viti vingi. Akabonyeza mahali, ile safu ya tatu ikalala chini yenyewe. Mama akaomba ilazwe tena. Kisha akauliza kama kitanda chake, kikifunguliwa, kinaingia pale.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaanza kumwambia habari za dawa, za daktari, nani atamchotea maji kule, na mvua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama alivyokuwa akimsikiliza Papa. Akasema mdogo wake yuko kule, hospitali iko Kirotshe, na kwamba hapa kwangu tunamtunza vizuri, hana la kulalamika, lakini ameshakaa ugenini vya kutosha. Kisha akanishika mkono.

"Miye niko naenda kubakia, mwanangu. Viti muzikunje, muniwekee kitanda na masufuria yangu. Siku ya kurudi mutakuwa na nafasi mingi."

Mke wangu aligeuka, akajifanya anatazama matairi.

Tumelichukua lile la safu tatu. Kambale ameniahidi atatoka Butembo atukute huko huko mlimani, dada zangu bado wanatafuta ruhusa kazini. Zamani safari ya kurudi ilikuwa ya kubanana, mtoto huyu amelala begani kwa yule, na Mama katikati yetu akihesabu vichwa kwa kuvigusa, asije akatusahau mmoja njiani. Safari hii tutakaorudi Goma tutaenea kwenye viti vya mbele.