Mkulima Aliyeogopa Maji

Walifika saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado umeifunika zahanati yetu kwenye miteremko ya Uluguru. Mgonjwa, mkulima wa karoti, mtu wa makamo, alikuja kwa miguu yake mwenyewe, mkewe nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa tabibu wa zamu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Nina kiu tangu juzi.”

Nikampa maji. Kikombe kilipokaribia mdomo, koo lilimkaza, akakirusha ukutani, kisha akanitazama kwa aibu. Muuguzi alipofungua dirisha, upepo tu ulimfanya ajikunje tena.

“Ni shetani wa mtoni,” mkewe alininong’oneza.

Nikamuuliza mgonjwa kama aliwahi kuumwa na mbwa.

“Mbwa wa jirani, wakati wa kupanda. Kidonda kilipona chenyewe.”

Nilifungua mwongozo wa matibabu. Nilijua unasemaje, ila nilisoma nikitumaini kuna mstari nimeusahau. Haukuwepo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, hakuna kupona. Mtulize kwa dawa, mlaze mahali pa kimya. Chini yake: uliza nani mwingine amepata mate yake.

Mkewe alikuwa amefunga kitambaa kidoleni. Alijikata kwa mundu, na kwa siku mbili alimfuta mumewe mate kwa mkono huohuo.

Kidonda kama hicho huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano. Tulimchoma mgonjwa sindano ya kumtuliza, nikatoka na mkewe, nikafungua bomba la nje. Ukelele uliotoka chumbani sijausikia tena kwa binadamu. Nikafunga bomba, nikampeleka mama kijitoni, mbali.

Tulichuchumaa ukunguni, nikawa namwosha. Ghafla akainua kichwa.

“Ananiita.”

Nami niliisikia sauti ya mumewe. Ng’ambo ya maji, karibu kabisa, jina lake, mara mbili, kwa upole. Akataka kuinuka. Nikamshika mkono.

“Bado dakika sita, mama.”

Nikaendelea kumwosha. Tuliporudi, muuguzi alisema mgonjwa alilala muda mfupi baada ya sisi kuondoka, na hakutamka neno.

Mchana huo mama alishuka mjini kwa pikipiki kuanza chanjo. Alimaliza sindano zote, na yu mzima. Mumewe alifariki kesho ya siku ile waliyokuja, alasiri, kimya.

Msibani mama alinivuta pembeni.

“Angekuja siku ile alipoumwa?”

“Angepona, mama.”

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa wanawake wenzake.