Mwenye Kiti cha Dirishani

Chumba cha dawa kilikuwa na viti sita, na kila mgonjwa alikuwa na chake. Mimi, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, nilikaa karibu na mlango. Cha dirishani kilikuwa cha muuza simu mmoja wa mtaa wa Muhima. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, saratani ya tezi za limfu: yeye zilimvimba kwapani, mimi shingoni. Kila baada ya wiki mbili tulitundikiwa ile dawa nyekundu, tukarudi nyumbani kukojoa wekundu.

Baada ya mara ya nne hakuja. Mara ya sita pia. Hakuna aliyeuliza; mle ndani mtu asipoonekana, watu hutazama sakafu. Muuguzi alimpigia simu, haikupatikana. Kiti kilibaki kitupu hata siku za kubanana, wagonjwa wapya wakasubiri wamesimama. Nikamsomea Fatiha, ingawa alikuwa Mkristo.

Adhuhuri moja, nikiwa nakata kitambaa dukani kwangu, mtu akanikingia mwanga mlangoni.

"Dada, hujambo?"

Sauti ile ile. Mkasi uliniponyoka. Alikuwa yeye, amenenepa, nywele zimerudi nyeusi tii. Mimi nilikuwa na upara chini ya mtandio na kucha zimeingia weusi. Mgeni angeingia saa ile, angedhani mfu ni mimi.

"Tulijua umekufa," nilisema.

Akacheka. "Uvimbe uliisha, nikaona ya nini tena kutapika? Mimi iko mzima, dada. Na wewe acha. Huoni ulivyobaki mifupa?"

Nakiri, nilitamani. Uvimbe wangu nao ulikuwa umekwisha. Alikaa akaendelea kuzungumza, na huku mkono wake ukikuna muundi, wenyewe tu, mpaka damu ikalowesha soksi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na kulikuwa na baridi, lakini kola ya shati lake ilichuruzika jasho. Hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa mimi kabla ya kujua naumwa. Nilihisi tuko watatu mle dukani, wa tatu ni ule ugonjwa, na yeye hana habari.

"Kaka, umeanza lini kujikuna?"

Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Najikuna?"

Siku yangu ya dawa nilimpitia kwake, nikamwambia avae viatu. Hakubisha. Daktari alimpapasa kwapa, akaagiza vipimo. Ugonjwa ulikuwa umerudi, dawa za mwanzo hazikumsaidia tena, na zile kali zaidi hazikuwepo. Alifariki akizisubiri.

Mimi nilimaliza duru zote za dawa, picha ya mwisho ya kipimo ikawa safi. Watu husema nilimfanyia wema kumrudisha hospitali. Kutoka kwangu hadi Muhima ni mwendo wa miguu. Ningeweza kwenda wiki ile ile alipokosekana. Sikwenda kwa sababu niliogopa nitakachokikuta.